Saa za Jioni: Mtu wa Kazi na Elimu ya Wagiriki na Warumi wa Kale



Leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo mtu akilisikia mara ya kwanza huenda akacheka. Jambo lenyewe ni hili: mtu mzima, mwenye kazi yake na jamaa yake, kuketi mezani jioni akajifunza habari za Wagiriki na Warumi wa kale. Wagiriki wanaozungumzwa waliishi zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, na dola ya Warumi ya magharibi ilianguka mwaka 476. Je, askari aliyerudi kutoka zamu ana shughuli gani na watu hao? Na saa atakazowapa, atazitoa wapi kama si katika saa za mkewe na watoto wake? Swali hilo si la mzaha, nasi hatutalikwepa.

Tuanze na neno moja tulitumialo kila siku, neno "shule". Neno hili liliingia katika Kiswahili kutoka kwa Wajerumani waliotawala Tanganyika. Wajerumani walilipata kwa Warumi, na Warumi walilipata kwa Wagiriki. Kwa Wagiriki wa kale, neno hilo, skhole, halikuwa na maana ya jengo, wala kengele, wala mwalimu mwenye fimbo. Maana yake ya kwanza ilikuwa faragha, yaani wakati uliobaki mkononi mwa mtu baada ya kazi yake ya riziki. Baadaye likawa na maana ya mazungumzo na mafunzo ya wakati huo, na mwishowe mahali pa kufundishia. Basi mtu asomaye jioni baada ya kazi hajaleta mtindo mgeni duniani. Amelirudisha neno shule katika shina lake.

CHUO KILICHOWAFUATA WATU MAJUMBANI

Masomo ya namna hii yana historia ndefu nchini Uingereza. Tangu mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kiliwaruhusu watu wasiokaa katika madarasa yake kufanya mitihani yake na kupewa digrii. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia mitihani ya chuo hicho ilifanywa hata ndani ya kambi za mateka wa vita. Askari waliokuwa wamenyang'anywa bunduki na uhuru walibaki na penseli, nao wakajibu maswali ya mitihani nyuma ya seng'enge. Chuo hicho si kigeni kwetu, kwa kuwa Makerere ilishirikiana nacho, na wanafunzi wake wakapata digrii za London kabla ya kuundwa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki mwaka 1963.

Mwaka huo huo wa 1963, Harold Wilson, kiongozi wa chama cha Labour, alitoa hotuba mjini Glasgow akapendekeza chuo kikuu kitakachofundisha kwa njia ya redio, televisheni na posta. Alipokuwa waziri mkuu, kazi hiyo alimkabidhi Jennie Lee, binti wa mchimba makaa ya mawe kutoka Scotland. Wengi waliibeza. Hata hivyo chuo kilipewa hati yake mwaka 1969, na mwezi wa Januari 1971 kikaanza kufundisha wanafunzi wapatao 24,000. Jina lake ni Open University, yaani Chuo Kikuu Huria. Mlangoni pake mtu hakuulizwa cheti cha sekondari. Dereva, muuguzi, mama wa nyumbani, askari na fundi waliandikishwa sawasawa. Masomo yake yalirushwa na BBC alfajiri na usiku wa manane, nyakati ambazo watu wengine wamelala, na utaratibu huo uliendelea mpaka mwaka 2006.

Miongoni mwa masomo ya chuo hicho yamo ya ulimwengu wa kale: historia ya Athens na Roma, tenzi za Homer, tamthilia, sanaa, na lugha za Kilatini na Kigiriki kwa wapendao. Mwanafunzi hupokea vitabu, husoma, huandika insha, huipeleka kwa mkufunzi, nayo hurudi ikiwa na alama na maelezo pembeni. Hakuna sharti la kujua Kigiriki kwanza. Vitabu vingi vya kale vimefasiriwa kwa Kiingereza chepesi. Mwaka 1946 E. V. Rieu alitoa tafsiri yake ya Odyssey katika toleo la bei nafuu la Penguin, nayo ikauzwa kwa zaidi ya nakala milioni moja, nyingi zikiingia mikononi mwa watu ambao hawakupata kukanyaga chuo chochote. Kwa atakaye kuonja lugha zenyewe, viko vitabu vidogo vya Loeb vilivyoanza kutolewa mwaka 1912: ukurasa mmoja lugha ya kale, ukurasa wa pili unaoukabili Kiingereza. Vyenye jalada la kijani ni vya Kigiriki, na vyenye jalada jekundu ni vya Kilatini.

Sasa tuhesabu gharama, maana mtu mwenye busara huhesabu kabla ya kujenga. Digrii ya chuo hicho ina krediti 360, na kila krediti moja hukadiriwa saa 10 za kusoma. Mtu wa kazi akichukua krediti 60 kwa mwaka, atasoma saa 600 mwaka huo, na atamaliza baada ya miaka 6. Kwa juma moja ni saa 16 hadi 18. Maana yake ni saa mbili kila jioni kwa siku sita, na saa nne au zaidi siku ya mapumziko. Ada nayo si ndogo. Asikudanganye mtu kwamba hili ni jambo jepesi. Wengi huanza, na si wote wanaofika mwisho.

ASKARI WENZETU WA ZAMANI

Je, mtu hupata nini kwa saa hizo? Tutataja machache ambayo mtu wa kazi ya ulinzi atayatambua bila kufasiriwa.

Mwaka 401 Kabla ya Kristo, askari wa Kigiriki zaidi ya elfu kumi walikodiwa na mwana wa mfalme wa Uajemi aitwaye Cyrus ili wamsaidie kumpindua ndugu yake. Cyrus akauawa vitani karibu na Babeli. Makamanda wa Wagiriki wakaalikwa kwenye mazungumzo, wakakamatwa kwa hila na kuuawa. Jeshi likabaki katikati ya nchi ya adui, bila viongozi, bila chakula, bila mtu wa kuwaonyesha njia. Usiku ule askari wakachagua makamanda wapya, na mmoja wao alikuwa Xenophon wa Athens, ambaye baadaye aliandika habari zote za safari yao. Walipita katika milima ya Wakurdi na theluji ya Armenia mpaka walipofika Bahari Nyeusi, na waliotangulia walipoiona bahari kutoka mlimani walipiga kelele za furaha, wakakumbatiana wakilia, askari na maofisa pamoja.

Kitabu hicho si cha mashujaa wasiochoka. Xenophon aeleza jinsi wengine walivyopofushwa na weupe wa theluji, na jinsi ilivyosaidia kushika kitu cheusi mbele ya macho wakati wa kutembea. Aeleza jinsi mikanda ya viatu ilivyoganda na kukata miguu ya waliolala bila kuvivua. Tena kiko kisa kimoja ambacho kila ofisa angefaa kukisoma. Siku moja Xenophon aliwahimiza watu wake wapande kilima mbio kabla ya adui kukiteka. Askari mmoja akamwambia kwamba wao hawako sawa, kwa kuwa yeye amepanda farasi na huyu askari amechoka kwa kubeba ngao. Xenophon hakumpiga wala hakumfunga. Aliruka chini, akaichukua ngao ya yule mtu, akapanda kwa miguu, ingawa alikuwa amevaa deraya nzito ya wapanda farasi. Askari wenyewe wakamtukana na kumpiga mwenzao mpaka akaitaka ngao yake tena. Nidhamu ya namna hiyo haipatikani kwa amri ya karatasi.

Yuko pia Thucydides, jemadari wa Athens. Mwaka 424 K.K. alifika na merikebu saba kuuokoa mji wa Amphipolis, akakuta umekwisha kusalimu amri. Wenzake wakamfukuza nchini kwa miaka 20. Angeweza kuitumia miaka hiyo kwa kulalamika. Yeye aliitumia kuhoji watu wa pande zote mbili na kuandika historia ya vita ile kwa uangalifu ambao haujasahauliwa mpaka leo. Tauni ilipoikumba Athens mwaka 430 K.K. aliugua yeye mwenyewe, akapona, akaziandika dalili zake moja baada ya nyingine ili watu wa baadaye waitambue ikirudi.

Ndugu zetu wa polisi nao wasidhani wamesahauliwa. Mwaka 6 wa enzi yetu, Kaisari Augustus aliunda kikosi cha walinzi wa usiku mjini Roma. Vilikuwa vikosi saba, kila kimoja kikilinda mitaa miwili kati ya mitaa 14 ya mji. Wengi wao walikuwa watumwa walioachwa huru. Kazi yao ilikuwa kuzima moto, kukagua majiko ya watu na kukamata wezi wa usiku. Askari wa zamu ya usiku katika mji wowote wa leo ataijua kazi hiyo kama anavyoijua tochi yake.

BARUA ZILIZOTOKA MATOPENI

Lakini kama kuna jambo moja ambalo twapenda lisomwe na kila jamaa ya kambini, ni habari za Vindolanda.

Kaskazini ya Uingereza, katika nchi ya baridi na mvua, Warumi walikuwa na ngome iliyoitwa kwa jina hilo. Mwaka 1973 Robin Birley alikuwa akichimba mahali hapo, akapata vipande vya ubao mwembamba, vingi vyenye ukubwa wa kadi ya posta, vikiwa vimeandikwa kwa wino. Matope yasiyopitisha hewa yalikuwa yamevihifadhi kwa karibu miaka 1,900. Tangu hapo mamia yamepatikana, na vingi vimewekwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London. Wataalamu walipovisoma hawakukuta hotuba za wafalme. Walikuta mambo ya kambi.

Mojawapo ni taarifa ya idadi ya askari, ya tarehe 18 Mei, ambayo karani yeyote wa kikosi angeweza kuiandika leo. Kikosi kilikuwa na watu 752. Waliokuwa nje kwa kazi mbalimbali ni 456. Waliobaki kambini ni 296. Kati ya hao, wagonjwa 15, majeruhi 6, na wenye maumivu ya macho 10, jumla yao 31. Wenye afya ya kufanya kazi, 265. Msomaji aliyezoea gwaride la asubuhi atazijumlisha hesabu hizo mwenyewe na kuona kwamba zinakubaliana.

Katika ubao mwingine mkuu wa kundi la wapanda farasi aitwaye Masclus anaomba maagizo ya kesho kwa ajili ya watu wake, kisha anakumbusha kwamba hawana pombe na anaomba iletwe. Katika ubao mwingine mtu ambaye jina lake limepotea anamwandikia askari kwamba amempelekea soksi, jozi mbili za makubazi na jozi mbili za chupi. Soksi! Mama au ndugu alikaa mahali fulani akafikiri juu ya miguu ya kijana wake katika baridi ile. Hakujua kwamba maneno yake yangesomwa na sisi.

Na sasa, akina mama, barua yenu. Karibu mwaka 100, mwanamke aitwaye Claudia Severa, mke wa ofisa wa ngome nyingine, alimwalika rafiki yake Sulpicia Lepidina, mke wa kamanda aliyekaa Vindolanda, aje kwenye sikukuu ya kuzaliwa kwake tarehe 11 Septemba. Barua yenyewe iliandikwa na karani kwa mwandiko mzuri. Lakini mwishoni Severa aliichukua kalamu mwenyewe, akaongeza maneno machache ya upendo kwa mwandiko usio mwepesi. Mistari hiyo ni kati ya maandishi ya zamani kabisa ya Kilatini yajulikanayo kuandikwa kwa mkono wa mwanamke. Haikuandikwa na malkia. Iliandikwa na mke wa askari aliyeishi mbali na kwao na kumtamani rafiki.

Jamaa za askari wa kawaida waliishi kwa shida zaidi. Kwa muda mrefu sheria ya Roma haikumruhusu askari aliye kazini kuoa. Wengi walikuwa na wake na watoto hata hivyo, wakiishi nje ya kuta za kambi, na katika mabaki ya Vindolanda vimepatikana viatu vidogo vya watoto. Askari wa vikosi vya wageni alitumikia miaka 25, na alipomaliza alipewa uraia wa Roma, ukaandikwa kwenye bamba la shaba nyeusi alilokwenda nalo nyumbani. Mwandishi Herodian aeleza kwamba aliyewaruhusu askari kukaa na wake zao alikuwa Kaisari Septimius Severus, aliyetawala kuanzia mwaka 193 hadi 211. Kaisari huyo alizaliwa Leptis Magna, katika nchi iitwayo leo Libya. Alikuwa mtu wa Afrika, naye alifia York, huko huko kaskazini ya Uingereza, akiwa vitani.

KISWAHILI NI MLANGO MZURI

Wengine huogopa lugha. Wasema Kilatini ni kigumu, na kwamba hata Waingereza hukishindwa. Twawaambia wasomaji wetu jambo moja la kutia moyo: mwenye kujua Kiswahili ameingia Kilatini kwa mlango ambao Mwingereza hana.

Chukueni neno "atapenda". Ndani ya neno hilo moja mna mtu, mna wakati, mna tendo. Mwingereza huhitaji maneno matatu kusema hivyo. Mrumi alisema amabit, neno moja kama letu. Sisi twasema "tutapenda", yeye alisema amabimus. Tofauti ni kwamba sisi huweka alama zetu mbele ya tendo, naye aliziweka nyuma. Tena sisi twajua tangu utotoni kwamba sifa lazima ifuate jina: mtoto mwema, watoto wema. Mrumi naye alisema puella bona kwa msichana mwema, na puellae bonae kwa wasichana wema. Mwanafunzi wa Kiingereza hushangaa kwa nini neno moja libadilike kwa ajili ya jingine. Mtoto wa Kiswahili hashangai hata kidogo.

Na maneno yenyewe mengine tunayo tayari mfukoni. Kalamu, karatasi, kanuni na falsafa yalitoka kwa Wagiriki, yakapita kwa Waarabu, yakafika pwani yetu. Dinari ni fedha ya Warumi. Meza tuliipata kwa Wareno, nao waliirithi kwa Warumi. Hata neno kasri, tulitumialo kwa jumba la fahari, wataalamu wengi hulirudisha kwenye neno la Kilatini castrum, ambalo maana yake, ndugu askari, ni boma la kijeshi.

Isitoshe, watu wale walizijua nchi hizi kwa kiasi. Katika karne ya kwanza mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika Kigiriki alitunga kitabu cha kuongoza mabaharia katika Bahari ya Hindi. Ndani yake aliitaja pwani yetu kwa jina la Azania, na soko lake la mwisho kwa jina la Rhapta. Aliorodhesha pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya kasa, na akaeleza kwamba manahodha wa Kiarabu walikuwa wakioa huku na kuijua lugha ya wenyeji. Karne iliyofuata Ptolemy wa Alexandria aliandika kwamba mto Nile hupata maji kutoka milima aliyoiita Milima ya Mwezi. Wengi wameitambulisha milima hiyo na Rwenzori, ambayo jua likitoka baada ya mvua huonekana na theluji yake kutoka nyanda za Uganda.

HOJA ZA WAPINZANI

Hata hivyo zipo hoja mbili ambazo ni haki kuzijibu.

Hoja ya kwanza yasema hii ni elimu ya wakoloni, iliyotumiwa kuwafundisha watoto wa mabwana waje kututawala. Ni kweli ilitumiwa hivyo. Tena ni kweli kwamba Athens na Roma zilisimama juu ya migongo ya watumwa, na kwamba katika Athens, iliyojisifu kwa utawala wa watu, mwanamke hakuwa na kura. Mwanafunzi haendi huko kuabudu. Huenda kuona kila kitu, yaliyo mema na yaliyo maovu. Lakini chombo kilichotumiwa na bwana hakigeuki kuwa mali yake milele. Mwalimu Julius Nyerere alitafsiri kwa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, ikatoka mwaka 1963. Ola Rotimi wa Nigeria alikichukua kisa cha Kigiriki cha mfalme Oedipus akakitia katika nchi ya Wayoruba mwaka 1968. Na katika gereza la kisiwa cha Robben, wafungwa wa siasa waliigiza Antigone, tamthilia ya Sophocles juu ya msichana aliyemzika ndugu yake kinyume cha amri ya mfalme. Nelson Mandela alicheza sehemu ya mfalme huyo, Creon, mtawala asiyesikia. Huyo huyo Mandela aliendelea na masomo yake ya sheria kwa njia ya posta akiwa kifungoni, akapata digrii ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini mwaka 1989, kabla ya kufunguliwa. Ikiwa mfungwa aliweza kuzifanya fikira za kale kuwa zake, nani atatuambia kwamba si zetu?

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo hutoka jikoni. Mke asema: elimu hii haiongezi cheo, haijazi debe la unga, nayo yaniondolea mume wangu saa mbili kila jioni. Au mume asema hivyo juu ya mkewe. Twakiri kwamba mtu atakaye cheo peke yake na atafute kozi nyingine, zipo nyingi nazo ni za heshima. Lakini mtu haishi kwa cheo peke yake. Askari hustaafu mapema, na siku anapovua sare huulizwa na kioo: wewe ni nani sasa? Aliyejizoeza kusoma, kupima maneno ya watu wawili wanaopingana, na kuandika hoja yake kwa utaratibu, atakuwa na jibu. Tena kazi ya ulinzi yampa mtu amri nyingi na nafasi chache za kuuliza "kwa nini". Vitabu hivi humpa nafasi hiyo bila kumvunjia nidhamu yake.

MASHAURI KWA JAMAA

Basi, ikiwa mtu nyumbani mwenu ataka kuanza, twatoa mashauri haya.

Kwanza, fanyeni shauri pamoja kabla ya kulipa ada. Mwenye kusoma aseme wazi ni saa gani atazitaka, na wenzake waseme ni saa zipi hazigusiki. Saa zilizoibwa huleta ugomvi, bali zilizokubaliwa huleta baraka.

Pili, asianze na digrii. Aanze na kitabu kimoja kwa miezi mitatu. Safari ya Xenophon ni mwanzo mzuri kwa askari. Odyssey ni nzuri kwa nyumba nzima, kwa sababu ni hadithi ya mtu aliyerudi nyumbani kutoka vitani baada ya miaka 20, na ya mke wake Penelope aliyelinda nyumba kwa akili zake. Jamaa za kambini hawahitaji kuelezwa kungoja ni nini.

Tatu, asisome peke yake daima. Jioni moja kwa juma awasomee watoto na kuwafasiria kwa Kiswahili. Awaeleze jinsi shujaa Hector alivyotaka kumbeba mtoto wake kabla ya kwenda vitani, mtoto akalia kwa kuogopa kofia ya chuma yenye manyoya, na baba akaivua akaiweka chini kwanza, ndipo akambusu. Watoto wa askari watalielewa jambo hilo upesi kuliko maprofesa.

Nne, awe na daftari. Kila jioni aandike mistari mitano tu: nimesoma nini, nakubali nini, nakataa nini. Haba na haba hujaza kibaba.

Tano, zamu ikibadilika au mtoto akiugua, aache bila kujilaumu, kisha arudi. Thucydides alianza kuandika vita ilipoanza, na kitabu chake hakikupata mwisho. Hakuna aliyekitupa kwa sababu hiyo.

Wapenzi wasomaji, hatuwaombi nyote mkajifunze Kigiriki. Twawaomba mjue kwamba saa za jioni ni mali, na kwamba mali hiyo haina mlinzi ila mwenyewe. Nyingine ni za watoto, nyingine za mapumziko, nyingine za jirani mgonjwa. Lakini mkiweza kutenga chache kwa ajili ya akili zenu, msione haya kwa sababu somo liko mbali au kwa sababu umri umepita. Yule karani wa Vindolanda aliyehesabu watu wake 752 hakufikiri kwamba alikuwa akitufundisha. Alifanya kazi yake vizuri, kwa wino safi, siku ya tarehe 18 Mei. Nasi, baada ya miaka 1,900, twamwamini.

Mpaka juma lijalo, kaeni salama na mlinde vyema.